Mpira Uangukao Baina ya Waungwana Wawili

Ukumbi huu umezoea kuzungumza jikoni na sebuleni, juu ya malezi, mapishi na maelewano ya jamaa. Wiki hii twaomba ruhusa yenu tutoke hadi uani, penye kamba iliyofungwa baina ya minazi miwili, tuzungumze juu ya mpira wa wavu na namna mtu asiyeujua kabisa anavyoweza kujifunza pamoja na mashoga zake.

Hatukulichagua jambo hili kwa ajili ya kupitisha wakati. Watazameni mabinti wetu. Mpaka wafike miaka 10 au 11 huruka kamba, hucheza rede, hukimbizana kichochoroni mpaka waitwe kuoga. Akishavunja ungo, mchezo hukoma. Hakuna aliyemketisha kitako akamwambia aache. Ila kila mlango hufungwa kimyakimya, na ndugu yake wa kiume huendelea kwenda kiwanjani hata ndevu zikamwota. Mama yake naye alikoma vivyo hivyo miaka 20 au 30 iliyopita, na leo alalamika magoti, presha na sukari. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima autie mwili wake katika harakati ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kila wiki. Tujiulize kwa insafu: ni wangapi katika sisi wanaozifikia, tukiacha kupanda na kushuka ngazi za nyumba?

Wako wasemao kwamba mwanamke mwenye heshima zake hachezi. Hawa tunawajibu kwa upole kwamba heshima na kukaa kitako si kitu kimoja. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, akashindwa. Linalotakiwa ni stara, mahali panapofaa na wakati unaofaa. Hayo yakitimia, mchezo ni katika kuutunza mwili tulioaminiwa.

Asili ya mpira wa wavu yenyewe itawatia moyo wenye umri. Ulianza mwaka wa 1895 mjini Holyoke, jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Mwalimu wa mazoezi, William G. Morgan, alikuwa na wanafunzi watu wazima, wengi wao wafanyabiashara, ambao mpira wa kikapu ulikuwa mzito kwao kwa mbio na kugongana. Akatundika wavu kati, akawagawa pande mbili, na tangu hapo hakuna wa kumkumba mwenziwe. Kwa hivyo mama wa miaka 45 asemaye, "Miye nishapitwa na umri," ajue kwamba mchezo huu ulibuniwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Kanuni kubwa ni chache. Kiwanja kamili kina urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Kila upande una wachezaji 6, na wavu wa wanawake una kimo cha mita 2.24. Upande hushinda seti ukifika pointi 25 na kumzidi mwenziwe kwa pointi 2. Wakifungana seti mbili kwa mbili, seti ya tano huishia pointi 15. Lakini anayeanza asijifunge na vipimo hivi. Ua wa kawaida watosha watu watatu kwa watatu. Kamba ya usumba au kipande cha wavu wa wavuvi kifungwe kwa kimo cha mkono ulioinuliwa, na leso moja iangikwe juu yake ili kamba ionekane. Gharama ni mpira tu, nao waweza kununuliwa kwa mchango.

Juma la kwanza msifunge hata hiyo kamba. Simameni duara, mjifunze kuupokea mpira kwa mikono ya chini. Miguu itanuke kadiri ya mabega, magoti yakunjwe kama mtu anayeanza kuketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Ngumi ya mkono mmoja ilale katika kiganja cha wa pili, vidole gumba viwe sambamba vikielekea chini, na viwiko vinyooke. Mpira upige ile nyama iliyo kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Kila anayeanza hutupa mikono juu kwa nguvu, na mpira humrukia jirani wa pili. Nguvu hutoka magotini: mikono hutulia, miguu ndiyo inayoinuka. Siku za mwanzo ngozi itakuwa nyekundu na itawasha. Mikono mirefu ya nguo yasaidia, na baada ya wiki mbili tatu huzoea.

Pili ni vidole. Mikono miwili huwekwa juu ya paji la uso, vidole gumba na vya shahada vikifanya umbo la pembe tatu, na mpira huguswa kwa ncha za vidole ukasukumwa juu bila kushikwa. Pete na bangili zivuliwe zote na kucha zikatwe, kwani kidole kilichoteguka hakikandi unga wa chapati kwa wiki nzima. Tatu ni kuanzisha mpira. Wenye mabega magumu waanzishe kwa chini, jambo ambalo kanuni zaruhusu: mpira ukae mkono wa kushoto usawa wa kiuno, uachwe kidogo, kisha mkono wa kulia uje kutoka nyuma uupige kwa kitako cha kiganja.

Na ushindi wa kwanza usiwe wa upande mmoja kuushinda mwingine. Hesabuni kwa sauti, nyote pamoja, mpira umeguswa mara ngapi kabla haujaanguka. Siku ya kwanza itakuwa 3. Ikifika 10 mtasikia ua mzima umepiga vigelegele, na hapo ndipo mtu huamini kwamba atarudi wiki ijayo.

Sasa tuingie katika lile lililotufanya tuandike. Katika mpira wa wavu hakuna anayeweza kuumiliki mpira. Haushikwi wala haubebwi. Upande mmoja una miguso mitatu tu, ukiacha ule wa kuzuia penye wavu, na mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo. Hodari akiupokea, lazima ampe mwingine, hata kama huyo mwingine ni mgeni wa jana. Tena kila upande unapoipata zamu ya kuanzisha, wachezaji huzunguka nafasi zao kwa mwendo wa saa. Aliyekuwa nyuma hufika mbele, na kila mmoja hupata zamu yake ya kuanzisha, watu wote wakimtazama. Hakuna pembe ya kujificha. Hili humtia mgeni hofu, na hilohilo ndilo linalomponya, kwani hakuna mchezo mwingine tuujuao unaomlazimisha hodari kumngoja dhaifu.

Kuna jambo ambalo halikosi kutokea katika kundi la wanawake wa pwani wanaoanza. Mpira waja katikati ya wawili. Wote wawili wauona, wote wawili waweza kuufikia. Huyu amtazama yule kana kwamba asema, "Karibu wewe," na yule amtazama huyu kana kwamba asema, "Tafadhali, tangulia." Mpira waanguka chini baina ya waungwana wawili. Dawa yake ni neno moja, nalo ni "Wangu!" Anayeuona kwanza atamke kwa sauti, mapema, na mwenziwe ampishe.

Neno hili ni dogo na kulisema ni kazi. Wengi wetu tumelelewa kushusha sauti, na malezi hayo ni mema mahali pake. Lakini tumewaona wasichana wa miaka 14 ambao midomo yao yafunguka na sauti haitoki. Wajua kwamba mpira ni wao, na waogopa kudai. Tunasema hivi kwa wazazi: binti asiyeweza kusema "Wangu" mbele ya shangazi zake na mashoga wa mama yake, katika ua uliofungwa, ataisema vipi haki yake siku atakapoihitaji, darasani, kazini au katika ndoa? Na zaidi ya mabinti, ni mambo mangapi nyumbani mwetu yameanguka kwa namna hiyohiyo, karo iliyosahauliwa, dawa ya bibi, mtoto aliyedhaniwa yuko kwa mwingine, kwa sababu wawili walitazamana na hakuna aliyetamka?

Kundi ndilo linaloshikilia yote haya. Mwenzetu mmoja, mjane, alipomaliza eda yake aliambiwa na daktari atembee kila siku kwa sababu ya sukari. Alitembea siku nne. Hakuwa mvivu, hakuwa na wa kutembea naye, na nyumba tupu aliyorudia ilikuwa nzito kuliko njia. Akaja uani kutuhesabia pointi, akiwa amekaa kwenye kiti na tasbihi mkononi. Wiki ya tatu timu moja ilipungukiwa na mtu. Leo akichelewa dakika kumi, watu wawili wako mlangoni kwake wakibisha hodi. Hatudai kwamba mpira umemponya, kwani dawa zake azinywa kama alivyoagizwa. Twasema tu kwamba sasa yuko anayejua kama ameamka salama.

Kundi hilohilo huvunjwa na mambo mawili. La kwanza ni kicheko. Kuna kucheka pamoja, mpira unapoingia katika sufuria la jirani, na kuna kumcheka mtu. La kwanza huleta watu, la pili huwafukuza wasirudi, nao hawatasema kwa nini. La pili ni yule ajuaye kidogo kuliko wengine, arukaye mbele ya kila mtu kuokoa kila mpira. Aambiwe kwa upole kwamba mpira wa mwenziwe ulioanguka una faida kuliko aliouokoa yeye.

Ama mavazi, hakuna la kuzuia. Suruali pana, kanzu ya mikono mirefu ifikayo magotini na ushungi uliobanwa vizuri bila pini za ncha kali vyatosha, na viatu vya raba penye sakafu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu, kwa kuwa kanuni za mavazi zilikuwa zimelegezwa tangu 2012. Na mabinti wakiuliza kama mchezo huu una mbele, waambieni kwamba timu yetu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, imeiwakilisha Kenya katika Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024.

Mwenye magoti yasiyokunjika naye asiachwe. Iko voliboli ya kukaa, ambayo imo katika Michezo ya Paralimpiki tangu 1980. Wavu wa wanawake hushushwa hadi mita 1.05 na wachezaji huketi chini. Kwetu hilo lataka jamvi tu. Tumeona bibi na mjukuu wakiucheza, na bibi hakuwa wa kushindwa kirahisi.

Yapo ya kutahadhari. Wenye presha, sukari au maradhi ya moyo, wajawazito na waliojifungua karibuni wamuulize daktari kwanza. Viungo vinyooshwe taratibu kabla ya kuanza, maji yawe karibu, na jua la mchana liepukwe. Wakati mwafaka ni baada ya Alasiri, kisha mpira uwekwe mapema, kila mtu awahi kutia udhu kabla ya adhana ya Magharibi.

Tumebakisha neno kwa akina baba. Dakika 150 ni vipindi viwili vya dakika 75. Twawaomba vipindi viwili kwa wiki: muwakae watoto, chai muipike wenyewe, na chakula cha usiku kikichelewa kidogo msikunje uso. Mara nyingi mke hakatazwi kutoka. Huwa hana tu wa kumwachia nyumba. Na penye ua mpana wenye ukuta, uwe wa nyumba au wa madrasa siku isiyo na darasa, utoeni kwa saa hiyo. Kuna mambo mengi tunayoyatafutia fedha katika mtaa. Hili lataka mlango ufunguliwe tu.

Nanyi mashoga, msingoje kujua ndipo mwanze. Watu wanne na mpira mmoja watosha. Simameni duara, kunjeni magoti, na wa kwanza kuuona mpira aseme.

Wabillahi tawfiq.