Jasi ya Makanya: Bei isipobeba gharama

Makanya, wilayani Same, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, inajulikana sokoni kwa bidhaa mbili: mkonge na jasi. Zote mbili zinajibu swali linalowasumbua wafanyabiashara wadogo: je, bei ya soko hufuata gharama za uzalishaji, au hufuata matakwa ya mnunuzi?

Mwaka 1776 mchumi Adam Smith alitenganisha bei mbili. Bei ya asili ni ile inayotosha kulipa ujira, kodi ya ardhi na faida ya kawaida ya mtaji. Bei ya soko hupanda na kushuka kulingana na mali iliyopo na wanunuzi waliopo. Ikishuka chini ya bei ya asili, baadhi ya wazalishaji hujitoa, mali hupungua na bei hupanda tena.

Mkonge unathibitisha hoja hiyo, ila kwa mwendo wa kobe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipoingia, bei ilianguka na mashamba mengi yakageuka vichaka. Mkonge huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, hivyo anayepanda kwa bei ya leo atauza kwa bei nyingine kabisa.

Jasi ina tabia yake. Mnunuzi mkubwa ni kiwanda cha saruji, na jasi ni kama asilimia 3 hadi 5 tu ya saruji, kwa kazi ya kuizuia isigande haraka. Kiwanda hakinunui maradufu eti kwa sababu bei imeshuka. Mashimo yakizidi, bei ndiyo huumia.

Smith alisema mgodi bora wa makaa ndio unaopanga bei ya migodi jirani. David Ricardo, mwaka 1817, alimpinga: anayepanga ni mgodi duni kuliko yote ambao mali yake bado inahitajika, na wenye migodi mizuri hubaki na ziada. Machimboni, shimo duni ni lile lenye udongo mwingi juu ya jasi, au lisilofikika kwa lori. Nauli nayo ni gharama, maana kiwanda hulinganisha bei ya mzigo ukishafika getini, uwe wa Makanya, Itigi au Kilwa.

Tatizo ni kwamba mwenye shimo duni haondoki, kwa sababu haioni hasara yake. Kwa mfano wa hesabu tu: akiuza lori kwa shilingi 100,000 na kutumia 70,000 kwa zana, chakula na ushuru, husema amepata faida ya 30,000. Lakini kama watu watatu wa nyumba moja walichimba siku nne, kila mmoja amelipwa shilingi 2,500 kwa siku. Huo ni ujira, tena haba. Naye huendelea kuchimba, mali haipungui, bei haipandi.

Dawa inaanzia kwenye daftari. Mchimbaji aandike jasho lake kama gharama, kisha wenye mashimo wakubaliane kutouza chini ya hapo. Mwekezaji mdogo naye, kabla ya kutia akiba yake shimoni, asiulize lori limeuzwa bei gani wiki hii. Aulize kama bei hiyo inamlipa kibarua wa kukodi na bado inabaki.