Ajira Zinaporudi: Je, Uchumi Umepona?

Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, unaosimuliwa na Mwinjili Mathayo katika sura ya 20, mwenye shamba anatoka mara tano kwa siku moja kutafuta watu wa kazi. Alfajiri anawachukua wa kwanza. Saa kumi na moja jioni bado anawakuta wengine wamesimama sokoni. Hawakuwa wavivu, bali hakuna aliyekuwa amewahitaji. Mfano huo unafundisha kwanza ukarimu wa Mungu, lakini unatukumbusha pia jambo ambalo familia nyingi zinalijua: kazi inaporudi, hairudi kwa wote saa moja.

Tuutazame utalii wa nchi yetu. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipozuia safari duniani kote, idadi hiyo iliporomoka hadi takribani 620,000. Hoteli zilifunga milango, magari ya watalii yakaegeshwa, na maelfu ya wapishi, madereva na wahudumu wakarudi nyumbani. Kisha wageni wakaanza kurejea: mwaka 2022 walikaribia milioni 1.5, mwaka 2023 walipita milioni 1.8, na mwaka 2024 walivuka milioni 2.1. Kwa hesabu ya wageni, utalii umepona na kuzidi hali yake ya awali. Swali linalobaki ni kama wale waliopoteza kazi nao wamepona.

Mwajiri aliyewahi kupata hasara huajiri kama mtu avukaye mto asioujua kina chake: hutanguliza mguu mmoja. Kwanza huwaongezea saa za kazi wale waliobaki. Kazi ikizidi, huita vibarua wa kutwa. Hali ikitulia, hutoa mikataba ya msimu. Mwisho kabisa, anapoamini kwamba mwaka ujao utafanana na huu, ndipo hujifunga kwa ajira ya muda mrefu. Kwa sababu hiyo wachumi huziangalia ajira za muda kama dalili ya mapema, na ajira za kudumu kama uthibitisho unaochelewa.

Mfano mmojawapo ulionekana Marekani, baada ya mdororo mkubwa ulioanza Desemba 2007. Uchumi wa nchi hiyo ulianza kuinuka katikati ya mwaka 2009, lakini ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi kufikia asilimia 10 mwezi Oktoba mwaka huo. Wa kwanza kuongezeka walikuwa wafanyakazi wa muda waliopelekwa makazini na mawakala wa ajira. Ajira nyingine zilianza kurudi mwaka 2010.

Basi kibarua si jambo la kudharauliwa. Ziko kazi ambazo kwa asili yake ni za msimu: mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hulipwa kwa safari, na hoteli nyingi za mbugani hupungukiwa na wageni mvua za masika zinaponyesha. Tatizo huanza pale hofu ya mwajiri inapokwisha, wageni wamejaa, na bado mtu yule yule, katika kazi ile ile, anaitwa kibarua kwa mwaka wa tano. Hapo ajira ya muda si tena dalili ya mapambazuko. Imekuwa njia ya kumtwisha hatari ya biashara mtu asiye na mtaji. Katika takwimu kijana huyo huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Lakini akiugua halipwi, michango ya hifadhi ya jamii haipelekwi, na ndoa yake huahirishwa mwaka hadi mwaka.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yamelisemea jambo hili kwa muda mrefu. Papa Leo XIII, katika Waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, kwa maana mwenye njaa hukubali lolote. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alimtanguliza mtu afanyaye kazi mbele ya mtaji. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, mara baada ya kuchaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alilichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na utetezi wake katika suala la kijamii.

Tunaposikia, basi, kwamba ajira zimeongezeka, inafaa tuulize: ni za muda gani? Zinalipwa kwa wakati? Je, aliyeanza kama kibarua ana njia ya kusonga mbele? Tusiyaulize hayo kwa kampuni za watalii peke yake. Shule zetu, zahanati zetu, parokia zetu, na nyumba zetu zenye wasaidizi wa kazi, nazo ni waajiri.

Ni kweli kwamba mwenye mgahawa mdogo hawezi kuahidi kazi ya miaka kumi asiyoijua kesho yake. Hata hivyo anaweza kuahidi ukweli: kazi ni ya muda gani, ujira ni kiasi gani, na utalipwa siku ipi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kwa Mkristo huo ni mwanzo tu wa wajibu wake.

Jioni ile shambani, hata aliyefanya kazi saa moja alipewa ujira wa siku nzima, kwa kuwa nyumbani kwake nako walihitaji kula. Uchumi wetu utakuwa umepona siku wale walioitwa mwisho watakaporudi kwao na riziki ya kutosha familia zao, pamoja na hakika ya kuitwa tena kesho.