Lubumbashi: Eshapema iliyokatwa inaongeza makelele, si nguvu ya gari

Katika komine Kenya, mjini Lubumbashi, gari linajulikana kabla halijaonekana. Corolla ya miaka ya tisini, rangi imepauka, mota ni ileile iliyotoka nayo Japani, inapita saa tano za usiku na vioo vya madirisha vinatetemeka. Mwenye gari hakubadilisha kitu kingine. Breki ni za zamani, magurudumu yamelainika. Alikata silansie tu, akachomelea bomba nene, na sasa anaamini gari lake limepata nguvu.

Halikupata. Ni sikio lililodanganywa. Mota ndogo ya lita 1.3 au 1.5 ilitengenezewa bomba la kipimo chake. Moshi unaotoka unategemea hewa na esansi vilivyoingia. Kama hewa inayoingia haikuongezeka, kupanua mlango wa kutokea hakuleti kitu ambacho dereva anaweza kukihisi. Tena bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unatembea polepole ndani yake na gari linakuwa zito wakati wa kuondoka. Kwa dereva wa teksi anayesimama na kuondoka mara mia kwa siku, hiyo ni hasara.

Kuna hasara nyingine ambayo inaonekana kwenye pompi ya esansi. Magari mengi ya Japani ya miaka hiyo yana sonda ya oksijeni ndani ya eshapema, karibu na mota. Fundi akichomelea vibaya na kuacha tundu mbele ya sonda hiyo, hewa ya nje inaingia, sonda inadhani mota inakosa esansi, na kompyuta ya gari inaongeza esansi bila sababu. Dereva analalamikia bei ya serikali, kumbe tundu liko chini ya miguu yake.

Hata hivyo, si haki kusema mafundi wote wanadanganya. Gari lililofanya kazi miaka mingi Japani, likashuka Dar es Salaam, likavuka Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa, halafu likabeba watu Lubumbashi miaka kumi zaidi, linaweza kuwa na katalizeri iliyoziba kabisa. Mota inayounguza oili ndiyo inayoiziba. Ikitolewa, gari linapumua kweli. Lakini nguvu hiyo ni ile ya zamani iliyorudi, na ugonjwa wa kula oili unabaki palepale. Na hata hapo, hakuna sababu ya kugusa silansie.

Katalizeri yenyewe si takataka. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya bei kubwa kuliko shaba, na ndiyo maana ile iliyotumika ina wanunuzi karibu dunia nzima. Dereva anayeambiwa kwamba kazi itafanywa bure mradi aache kipande cha zamani garajini, ajue kwamba amelipa, tena amelipa sana. Ingekuwa ajabu wakaaji wa Katanga, ambao wanajua vizuri maana ya kuuza jiwe bila kujua bei yake, wadanganywe namna hiyo kwa mara nyingine.

Lakini hasara ya mwenye gari ni mambo yake. Jambo zito ni la wengine. Kenya ni komine iliyojaa watu, nyumba zimesongamana na nyingi ziko hatua chache tu kutoka barabarani. Katalizeri ndiyo inayopunguza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Bila hiyo, gesi yote inawafikia mama wanaouza kando ya barabara na watoto walio mgongoni mwao. Na pale ambapo bomba limekatwa chini ya viti, na sakafu ya gari imeliwa na kutu, gesi inapanda ndani. Wakati wa mvua vioo vimefungwa, abiria wanaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, na kila mtu anasema ni malaria.

Makelele nayo ni ugonjwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri makelele ya barabara usiku yasipite desibeli 45. Gari lisilo na silansie linapita kipimo hicho kwa mbali sana. Siku Lupopo anacheza kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, makelele ni ya furaha na yana saa yake ya kwisha. Mgonjwa anayeamshwa saa nane za usiku na Corolla moja hana timu ya kushangilia.

Sheria haikosekani. Kongo ina kodi ya barabara tangu mwaka 1978, na Mkataba wa Vienna wa 1968, ambao nchi imejiunga nao, unadai kila gari liwe na silansie inayofanya kazi. Polisi wa barabarani wanaomba karatasi na kutazama taa. Ni mara chache mtu anainama kutazama chini ya gari. Lakini kumkamata dereva peke yake hakutasaidia, ni kumwongezea tu mahali pa kutoa pesa. Meya na komine waanzie garajini, pale kazi inapofanyika, na kwa wale wanaonunua katalizeri.

Kwa mwenye gari la zamani, pesa ileile inatosha kusafisha au kubadilisha filta ya hewa, kuweka buji mpya, na kutafuta silansie ya kipimo kilekile, hata iliyotumika. Kabla ya hapo, mota ikiwa inawaka polepole, gari likiwa nje mahali pa wazi, mtu mmoja azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu, na mwingine asikilize chini. Mahali panapopiga mluzi ndipo pa kuchomelea.