Mambo ya Motokaa: Usiuze Mtamba kwa Ajili ya Kabureta

Mwezi uliopita mpwa wangu, mkulima kijana wa Limuru, alinijia nyumbani jioni, akaniambia, "Shikamoo, mjomba. Nataka kuuza mtamba wangu ninunue kabureta mbili za Weber." Gari lake ni la zamani, la Kiingereza, lenye silinda 4 na kabureta 2 za SU. Alilinunua Mombasa, na tangu alipolipandisha huku bara limekuwa likitoa moshi mweusi na kushindwa na vilima. Rafiki zake wamemwambia ya kuwa SU ni kabureta za wazee, na ya kuwa mwenye kutaka nguvu hana budi kutia Weber. Nami najua ya kuwa maziwa ya mtamba yule, atakapozaa, yamewekewa karo ya dada yake. Basi shauri hilo halikuwa la motokaa tu.

Ni kweli magari mapya ya siku hizi hayana kabureta tena. Lakini wenye magari ya kale wangali wako, na swali hili huulizwa mara nyingi. Kwa hiyo nimeona yafaa kulieleza hapa.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na petroli. Ili petroli iungue yote, ratili moja yataka karibu ratili 15 za hewa. Injini ikitakiwa kutoa nguvu zake zote, yataka hewa ya ratili 12 au 13 tu. Hewa hupita katika koo jembamba, nayo huenda mbio kama mto unaobanwa na majabali, na mbio hizo ndizo zinazoivuta petroli. Koo likiwa pana mno, injini ikienda polepole hewa nayo huenda polepole, petroli haivutwi sawasawa, na gari hukohoa. Hii ndiyo sababu kabureta kubwa si lazima iwe bora.

SU hulitatua jambo hili kwa kulibadili koo lenyewe. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kwa kadiri ya hewa inayovutwa, na chini ya pistoni mna sindano iliyochongoka, ikaayo katika kitundu cha petroli. Pistoni ikipanda, sindano hutoka na petroli huongezeka. Sindano moja na kitundu kimoja hufanya kazi yote.

Weber, iliyoanzishwa na Edoardo Weber huko Bologna, Italia, mwaka 1923, ina njia nyingine. Ile ya DCOE, ipendwayo na wenye mashindano, ina makoo mawili yasiyobadilika, na pampu ndogo ya kurushia petroli dereva akanyagapo mafuta ghafula. Kabureta 2 hulipa injini ya silinda 4 koo moja kwa kila silinda. Injini ikienda mbio sana, faida yake ni kubwa. Lakini kila koo lina vitundu vyake vya petroli na vya hewa, na fundi asiyevijua aweza kumaliza fedha zako akijaribu hiki na kile.

Mfano mzuri ni Jaguar C-Type katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1951 Peter Walker na Peter Whitehead walishinda, injini yao ya silinda 6 ikiwa na kabureta 2 za SU. Mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa gari la namna ile ile, lakini lenye kabureta 3 za Weber, koo moja kwa kila silinda. Mwendo wao wa wastani ulipita maili 100 kwa saa, jambo lisilopata kuonekana huko. Je, ni kazi ya Weber tu? Hasha. Gari hilo lilikuwa jepesi zaidi, tena lilikuwa na breki za diski. Na Jaguar walipowauzia watu E-Type mwaka 1961, waliitia kabureta 3 za SU.

Sasa turudi Limuru. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake imepungua uzito kwa karibu sehemu 1 katika 5 ukiilinganisha na ya pwani. Petroli haipungui kwa kadiri hiyo, basi mchanganyiko huzidi petroli. Weber nayo ingepatwa na shida iyo hiyo, na dawa yake ni kubadili vitundu. Dawa ya SU ni kuzungusha nati iliyo chini yake.

Tulifungua plagi, tukazikuta nyeusi kwa masizi. Injini ilipokwisha kupata moto, tuliinua pistoni ya kila kabureta kidogo sana, kama unene wa ukucha. Injini iliongeza mbio na kuendelea hivyo. Ndiyo dalili ya petroli kuzidi. Kama ingezimika, petroli ingekuwa haba. Mbio zikiongezeka kidogo kisha zikarudi, ni sawa. Tuliikaza nati kwenda juu, upande mmoja mmoja wa pande zake 6, tukajaribu tena kila mara. Kisha tukafungua vifuniko vya juu, tukaona mafuta ya kutuliza pistoni yamekauka kabisa. Tuliyajaza. Mwisho tulisikiliza mvumo wa hewa ya kila kabureta kwa kipande cha mpira sikioni, hata ikawa sawa.

Kesho yake alipanda kilima kile kile bila moshi. Gari halikuwa la mashindano, lakini alifika sokoni na mzigo wake. Mtamba yungali zizini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujanunua kitu kipya, hakikisha kwanza ya kuwa kile ulicho nacho kimetengenezwa sawasawa.