Mapatano Huanzia Nyumbani

Tangu tarehe 23 Juni 2016, siku ambayo Waingereza waliamua, kwa kura milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1, kuuacha Umoja wa Ulaya, ulimwengu umekuwa ukilitazama taifa kongwe, lenye Bunge la karne nyingi na mabalozi waliobobea katika elimu ya mashauriano, likienda Brussels na kurudi, likitia saini na kujuta, likifungua mazungumzo na kuyafunga, pasina kufika mahali ambapo mtu mwenye insafu angeweza kusema kwa yakini kwamba kadhia hii imekwisha. Wako wanaosema kuwa Brussels ilikusudia kumwadhibu aliyethubutu kutoka, ili wengine wasije wakamwiga. Na wako wanaowalaumu mawaziri wa London kwa uhodari mdogo. Kila kauli ina chembe ya ukweli ndani yake, walakini hakuna hata moja inayogusa shina la jambo. Shina lenyewe ni kwamba Uingereza ilikwenda kujadiliana na majirani kabla haijamaliza kujadiliana na nafsi yake, na kila mkwamo uliofuata ulizaliwa na kosa hilo la mwanzo.

Tulitazame kwanza swali waliloulizwa wananchi. Waliulizwa kama nchi yao ibaki au iondoke, na jibu likawa kuondoka, kwa asilimia 52 hivi kwa 48. Lakini hawakuulizwa waondoke kwenda wapi, ilhali nje ya Umoja ule kuna makao mengi na kila makao yana kodi yake. Norway, ambayo si mwanachama, imo ndani ya soko la pamoja, nayo hulipa mchango, hufuata sheria isizozipigia kura, na huwapokea wafanyakazi wa Ulaya bila kizuizi. Uturuki imefungamana na Umoja kwa forodha ya bidhaa za viwandani, na kwa hiyo haina uhuru kamili wa kujipangia ushuru wa bidhaa hizo. Kanada ina mkataba wa biashara tu, iko huru zaidi, lakini shehena zake husimamishwa mpakani na kukaguliwa. Aliyepiga kura ya kuondoka huku akitamani hali ya Norway, na aliyepiga kura hiyo hiyo huku akitaka kukata kila uzi, walihesabiwa pamoja kana kwamba walisema neno moja. Na juu ya hayo, Scotland ilikuwa imechagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini kwa karibu asilimia 56, hata ikawa ufalme wenyewe umegawanyika kwa mataifa yake.

Bi Theresa May, aliyeshika uwaziri mkuu Julai 2016 baada ya David Cameron kujiuzulu, aliurithi mgawanyiko huo, na badala ya kuutibu kwanza, alipeleka taarifa rasmi ya kuondoka tarehe 29 Machi 2017, akaianzisha saa ya miaka miwili ambayo mkataba wa Ulaya humwekea kila atokaye. Kisha aliitisha uchaguzi wa Juni mwaka huo akitumaini kuongeza nguvu, akapoteza hata wingi aliokuwa nao, na ikambidi aitegemee idhini ya wabunge 10 wa chama kimoja cha Ireland ya Kaskazini. Aliporudi na mkataba wake, Bunge la Makabwela liliukataa tarehe 15 Januari 2019 kwa kura 432 dhidi ya 202, ushinde mkubwa kuliko wowote ulioipata serikali ya nchi hiyo katika zama hizi, na likaukataa tena mara mbili mwezi wa Machi.

Lakini lililofuata ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi, maana wabunge wale wale waliomkatalia waziri mkuu walijitwalia nafasi ya kusema wao wataka nini. Tarehe 27 Machi 2019 waliwekewa mbele yao njia nane, miongoni mwao kubaki katika umoja wa forodha, kuwarudishia wananchi kura, na kutoka bila mkataba wowote, na hakuna hata moja iliyopata wingi. Tarehe 1 Aprili zikaletwa njia nne, zote zikaanguka, ile ya umoja wa forodha ikikosa kwa kura tatu tu. Mshenga aliyetumwa kupeleka posa na ukoo ambao baba mdogo ataka mahari yapunguzwe, shangazi ataka harusi iahirishwe, na ndugu wengine hawataki kabisa kusikia habari za ndoa, hata awe fasaha wa namna gani, atarejea na fedheha, kwa kuwa neno alitoalo mbele ya wakwe halina wa kulisimamia nyumbani. Hivyo ndivyo walivyokuwa wajumbe wa Uingereza mbele ya Michel Barnier, msemaji wa mataifa 27 yaliyokwisha kukubaliana, kabla ya kuketi mezani, yatakubali lipi na yatakataa lipi.

Kadhia ya Ireland ilidhihirisha udhaifu huo kuliko jambo lolote lingine. Mapatano ya amani ya mwaka 1998 yalimaliza miaka 30 ya umwagaji damu, na amani hiyo imelelewa na mpaka ulio wazi kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, mpaka usio na askari wala ofisi ya forodha. Viongozi wa Uingereza waliahidi mambo matatu kwa pamoja: kwamba nchi itatoka katika forodha na soko la Ulaya, kwamba hapatakuwa na ukaguzi ndani ya kisiwa cha Ireland, na kwamba hapatakuwa na ukaguzi kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe. Mawili kati ya hayo yawezekana. Yote matatu ni muhali, kwa sababu panapokutana tawala mbili za forodha, ukaguzi hauna budi kuwapo mahali fulani. Boris Johnson, mwezi wa Oktoba 2019, alichagua ukaguzi uwe baharini, akaunadi mkataba wake kwa wananchi na kupata ushindi mkubwa Desemba mwaka huo. Lakini Septemba 2020 serikali yake ilileta muswada wa kukiuka sehemu za mkataba huo huo, na waziri wake akakiri bungeni kuwa muswada ule ungevunja sheria ya kimataifa. Vifungu vile viliondolewa baadaye, bali uaminifu ulikwisha kupata ufa, na hasara ya uaminifu ni kubwa kuliko hasara ya ushuru, maana ushuru huandikwa upya kwa kalamu, na imani hairudi ila kwa matendo ya muda mrefu. Ilipasa kungojea hadi Februari 2023, na waziri mkuu mwingine, Rishi Sunak, ili jambo hilo litulizwe kwa makubaliano ya Windsor.

Mazungumzo ya biashara ya mwaka 2020 yalikwama kwa miezi juu ya samaki, na juu ya ushindani wa haki, yaani kiasi gani Uingereza iruhusiwe kutoa ruzuku na kulegeza sheria za kazi na mazingira huku ikiuza bila ushuru kwa majirani. Uvuvi haufikii hata sehemu moja katika mia ya uchumi wa Uingereza, lakini ulipewa heshima ya bendera, na wakati ukateketea. Mkataba ulifikiwa tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja tu kabla ya kipindi cha mpito kwisha, nao uliondoa ushuru na viwango vya ukomo kwa bidhaa zilizothibitishwa kuwa na asili ya pande hizo mbili. Haukuondoa vibali, vyeti vya madaktari wa mifugo, wala foleni za ukaguzi, na kwa huduma, ambazo ni kama sehemu nne katika tano za uchumi wa nchi ile, ulitoa kidogo mno. Wafugaji wa kome na chaza waliokuwa wakivuna katika maji yasiyo ya daraja la kwanza waliamka Januari 2021 wakakuta mlango wa Ulaya umefungwa kwa mazao yao yasiyosafishwa, ingawa hakuna senti moja ya ushuru iliyokuwa imeongezwa. Ofisi huru inayokadiria bajeti ya Uingereza imeshikilia kwamba, kwa muda mrefu, kuondoka kutapunguza tija ya nchi kwa asilimia 4 hivi, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo kama ingebaki.

Wananchi waliahidiwa kwamba masoko ya mbali yatafidia pengo la karibu. Mikataba imepatikana, ni kweli: Japani mwaka 2020, Australia mwaka 2021, kisha New Zealand, na India mwaka 2025. Walakini serikali yenyewe ilikadiria kwamba mkataba wa Australia ungeongeza pato la taifa kwa asilimia 0.08 tu baada ya miaka mingi, nao wakulima wa Uingereza wakanung'unika kwamba wao ndio waliotolewa sadaka; mazungumzo na Kanada yakasimamishwa Januari 2024 kwa ajili ya jibini na nyama ya ng'ombe; na ule mkataba mkubwa na Marekani uliotangazwa kwa mbwembwe haukupatikana kwa namna ulivyoahidiwa. Majirani wa Ulaya hadi leo hununua karibu sehemu nne katika kumi za bidhaa na huduma ambazo Uingereza huuza nje, kwa sababu jiografia haipigiwi kura.

Sitaki kuwadhulumu waliochagua kuondoka. Hamu ya watu kujitungia sheria wenyewe, na kuwaondoa kwa kura wale wanaowatawala, ni hamu tukufu, na sisi ambao baba zetu waliidai haki hiyo hiyo mbele ya serikali ya London hatuna haki ya kuidharau inapotamkwa na Waingereza. Wala kubaki hakukuwa bila gharama. Neno langu ni kwamba uhuru wa kuamua ni amana inayomdai mwenye nayo aamue kwa kweli, aseme hili nalitaka na bei yake nimeijua, na lile naliacha ijapokuwa nalipenda. Na viongozi wa Uingereza, wa chama tawala na wa upinzani, walikwepa faradhi hiyo mwaka baada ya mwaka, wakiwaambia wananchi kwamba vyote vyawezekana kwa wakati mmoja. Kuanzia Cameron aliyeitisha kura hadi Keir Starmer aliyeingia Julai 2024, wamepita mawaziri wakuu sita katika muda wa miaka minane, na si mmoja aliyesimama mbele ya taifa akaisoma hesabu yote hadharani.

Serikali ya Starmer imeleta lugha ya upole zaidi, na Mei 2025 pande mbili ziliafikiana mjini London kuufungua ukurasa mpya: Uingereza ikaziongezea meli za Ulaya ruhusa ya kuvua katika maji yake hadi mwaka 2038, na pande zote zikakubali kuanza kutafuta mapatano ya kupunguza ukaguzi wa vyakula. Lakini serikali hiyo nayo imetangaza kuwa haitarudi katika soko la pamoja, wala umoja wa forodha, wala uhuru wa watu kuhama. Na ilipotaka kuingia katika mfuko wa Ulaya wa mikopo ya silaha wenye yuro bilioni 150, mazungumzo yalivunjika Novemba 2025 kwa kutokubaliana juu ya ada. Mikwamo ya leo ni midogo kuliko ya 2019, ila mama yao ni mmoja: tamaa ya kunufaika na jambo pasina kuwaeleza wananchi kwamba lina malipo.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuyatazami haya kwa mbali. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya ulikamilishwa kujadiliwa Oktoba 2014. Kenya na Rwanda zikatia saini Septemba 2016, Tanzania ikakataa, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba Uingereza, soko muhimu, ilikuwa imeamua kutoka. Hofu ya Tanzania kwa viwanda vyake vichanga ilikuwa ya haki, na haja ya Kenya ilikuwa ya haki pia, kwa kuwa Kenya haimo katika daraja la nchi maskini kabisa zinazoingiza bidhaa Ulaya bila ushuru, na maua na mboga zake zingepata madhara. Lakini kwa kuwa hatukuyamaliza hayo barazani petu, Kenya ilikwenda peke yake, ikatiliana saini na Uingereza Desemba 2020 na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, na umoja wetu wa forodha, tuliouanzisha mwaka 2005, ukabaki na mlango mmoja wenye masharti yasiyolingana na ya milango mingine.

Basi nawaomba wabunge wetu, wa Arusha na wa kila mji mkuu, wasiwaache wajumbe wapande ndege kabla mambo matatu hayajajadiliwa wazi mbele ya wakulima, wavuvi, wenye viwanda na wafanyabiashara: tunataka nini, tuko tayari kulipa nini kwa hilo tunalolitaka, na nani atakayebeba hasara kwa niaba ya wengine. Uingereza, pamoja na utajiri wake na elimu yake, iliiruka hatua hiyo, na hadi leo ingali inalipa.