Nyumba Iliyopimwa Kabla ya Kuungua

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi mjini Kampala, walimozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Kwa bahati, mwaka 2009 shirika la CyArk la Marekani lilikuwa limekwisha kuipima nyumba hiyo kwa mionzi ya leza na kulihifadhi umbo lake katika kompyuta.

Hata hivyo, kompyuta haiezeki nyasi. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, kwa urithi. Ndani ya paa mna pete 52, kwa hesabu ya koo za Baganda; kipimo chaweza kuonyesha pete ilipokaa, lakini namna ya kuifunga imo mikononi mwa mafundi. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023.

Familia za kambini, ambazo huhama kila amri ya uhamisho itokapo, zina Kasubi zao ndogo. Bibi anaposuka mkeka, mjukuu na airekodi kwa simu mikono yake, pamoja na sauti yake akitaja kila ukili kwa jina. Nakala ya pili ikae kwa ndugu wa mbali, maana simu nayo huungua.