Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Hapa Mugunga tumelisikia neno hili mara nyingi, hata vinywani mwa watu wenye heshima: "Watoto waliokulia kambini ni vichwa vigumu. Imo damuni mwao. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mwalimu akilisema, mtoto huketishwa nyuma. Jirani akilisema, mlango hufungwa. Sisi twasema: neno hili ni la uongo, tena la hatari.

Hatukatai kwamba mtoto hurithi. Jeni zake zatoka kwa baba na kwa mama, nazo zina kazi kubwa katika kuujenga ubongo. Lakini jeni ni mbegu, si mavuno. Chota maharage katika kikapu kimoja. Panda mengine katika udongo mnono wa Masisi, mengine juu ya mawe ya volkano hapa kwetu. Yakikauka huku, utasema mbegu ilikuwa mbaya?

Ushahidi uko Goma penyewe. Mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza habari za akina mama 25 waliojifungua mjini humo. Waliona kwamba kadiri mama alivyoteswa na vita, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo, na ndivyo alama za kemikali zilivyozidi juu ya jeni moja inayouongoza mwili katika kujibu hofu. Akina mama hao walikuwa wachache, lakini fundisho ni zito. Alama za namna hiyo hazibadili jeni yenyewe. Huwekwa juu yake. Basi tumlaumu nani: damu ya mtoto, au bunduki?

Wengine watageuza maneno: "Kumbe wameharibika tangu tumboni!" La, hasha! Ubongo haujengwi kwa siku moja. Mtoto akifika miaka 6, ubongo wake umekaribia ukubwa wa mtu mzima, lakini kazi ya ndani haijaisha. Katika ujana ubongo huzipunguza njia zisizotumika na kuziimarisha zinazotumika. Sehemu ya mbele, yenye kupima mambo na kuzuia hasira, hukomaa mwisho, baada ya miaka 20. Samaki mkunje angali mbichi. Na kijana wa miaka 15 angali mbichi. Tukimnyima kitabu, wako wanaomngojea na bunduki.

Mugunga imejua kambi tangu mwaka 1994. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia waliokimbilia hapa. Mwanzoni mwa 2025 kambi zilivunjwa, na watoto wakatawanyika vijijini na katika nyumba za watu. Basi wako kati yetu. Mama mjamzito apate chakula na usingizi wa amani. Mtoto aketi mbele darasani. Kijana asiitwe nyoka.

Aliyeitupa mbegu juu ya jiwe, asiilaumu mbegu.